Konzi ya Kitunguu Saumu

Ngamia wa Mzee Keinan waliisha kwa ukame. Tangu hapo wazee wenzake wa mtaa wa Iftin, Garissa, wakimsalimu humuuliza habari za watoto na za mvua, kisha hunyamaza. Za mifugo wameziruka miaka mitatu sasa. Ni adabu, na adabu hiyo ilimuuma kuliko matusi.

Mifugo nyumbani ilikuwepo, ila ya mkewe Saado: kuku thelathini wa mayai. Keinan aliwaita wadudu. Yai lenyewe hajawahi kulitia mdomoni. Hicho, alisema, ni chakula cha watoto na cha walimu wa kutoka bara.

Joto la Machi likafanya kuku wagome kutaga, Saado akatangaza kwamba Ijumaa ya mwisho wa mwezi wanaingia sufuriani. Mzee, aliyekuwa akiiombea siku hiyo, akashikwa na uchungu asioutarajia. Hakutaka kuona zizi tupu tena. Akamwendea Zilpah, afisa wa mifugo, akaambiwa: kivuli, maji baridi, na kitunguu saumu kidogo sana kwenye chakula.

"Kidogo ni ngabi, madam? Mimi ngamia nabimia kwa konzi," akasema, "p" ikimgeuka "b" kama kawaida yake.

"Mzee, kuku si ngamia."

Aliyasikia hayo kwa sikio moja. Akawawekea maji baridi, akaponda saumu konzi baada ya konzi, akaimwaga kwenye chakula chao. Kuku wakataga! Kama ni saumu au ni maji tu, Mungu ajua; Keinan anajua ni yeye. Shida ni kwamba mayai yalinuka hadi barabarani. Mkahawani kwa Leyla, mnunuzi wao pekee, Gitau fundi baiskeli alisukuma sahani yake, akisema hakuagiza pilau.

"Adeer, siyachukui tena," Leyla akamwambia Keinan, akimwita ami kwa heshima ya Kisomali. "Labda nione mtu analimaliza moja hapa, mbele ya watu."

Wateja wakainamia vikombe vyao. Kesho yake ilikuwa Ijumaa hiyo, na Saado, asiyeona faida ya mayai yasiyouzika, alishanoa kisu.

Keinan akaketi karibu na meza ya wazee wenzake. Akaletewa la kuchemsha, akaling'ata na ganda lake. Leyla akamnyang'anya, akammenyea. Akalila lote, machozi yakimlenga, kisha akaramba kidole kwa kiburi kitupu.

"Lete lingine."

Wazee wakatazamana. Diriye, mwenye ngamia wengi na meno machache, akakohoa.

"Keinan," akasema, "na mifugo je, wazima?"

Keinan akajifuta midomo.

"Wazima," akasema. "Thelathini. Wote wanataga."