Sikio la Marehemu

Nilipoachika nikarudi nyumbani Munje, nilimkuta mama hasikii mpaka umpigie kelele karibu kabisa na uso. Nilikuwa natandika vitanda katika hoteli moja ya Galu. Huko, mgeni mjane kutoka Ujerumani alinipa mashine ya sikio aliyoiacha mumewe, kitu kidogo kama punje ya kunde. "Mpe mama yako," alisema. Nililia kwa furaha.

Nilimvisha mama amekaa mkekani. Kaka akamwamkia, "Shikamoo mama." Hakusikia. Lakini mke wa kaka, aliyekuwa jikoni, alimnong'oneza jirani kama alivyozoea miaka yote: "Kizee hiki hakifi tu kikatupumzisha."

Mama akageuza shingo. "Nimekusikia, mwanangu."

Sufuria ikamponyoka wifi yangu. Mlio wake ulimfanya mama ashike kichwa kwa mikono miwili na kupiga yowe.

Mashine ilikuwa imepangwa kwa sikio la yule marehemu. Sauti nyembamba, yaani minong'ono, vijiko, kilio cha mtoto, ilizikuza hata zikamchoma. Sauti nzito za wanaume iliziacha vilevile. Kwa hiyo mama alimsikia aliyemsengenya, asimsikie mwanawe aliyemwamkia.

Nilimpeleka Mombasa kwa fundi wa vifaa hivyo. Aliunganisha mashine na kompyuta yake, akatikisa kichwa. "Imefungwa. Inataka namba ya siri ya duka lililoiuza huko Ulaya. Mimi sina."

Wiki hiyo hotelini alikuwapo kijana mtunga programu za kompyuta. Nilimweleza nikibadilisha mashuka yake. Akaniambia kwamba yeye na wenzake huzitoa programu zao pamoja na maandishi yote ya ndani yanayoziendesha, kwa leseni yenye sharti: ukirekebisha programu ukampa mwingine, nawe umpe ikiwa wazi vivyo hivyo.

"Programu ya mashine yako ingekuwa ya namna hiyo, ningejaribu kuirekebisha leo hii," alisema.

"Na hii?"

"Leseni ya hii inakataza hata kuchungulia ndani."

Hata hivyo aliwapigia simu watengenezaji kutoka mapokezi. Nilisimama kando nikiwa na kapu la nguo chafu. Alipokata simu aliniambia, "Wanataka mwenyewe aende dukani."

"Mwenyewe amekufa."

"Nimewaambia. Wanasema basi haifunguliwi." Akacheka. Najua hakunicheka mimi, lakini siku ile nilimchukia.

Mama alivumilia kidogo, kisha akaniambia, "Itoe. Nirudishie uziwi wangu."

Niliitoa, lakini nyumba haikurudi ilivyokuwa. Zamani wanawake walizungumza mbele yake bila wasiwasi, naye aliwatazama midomo, wakicheka akacheka nao. Sasa akisogea tu wote kimya. Wifi yangu aliwafundisha na wanawe: "Nyamazeni, bibi ana sikio la mzungu." Niliapa kwamba hana kitu. Wakautazama mtandio wake ulioshuka mpaka shavuni, wasiniamini.

Alasiri moja, wanawake wakichambua mchicha uani, mama aliuvua mtandio. Akawazungukia mmoja mmoja, akiwainamia na kuwaonyesha sikio la kulia, halafu la kushoto.

"Tazameni," alisema. "Hamna kitu. Semeni."

Wifi yangu aliendelea kuchambua mchicha.