Chungwa Baada ya Sigara

Mnanisumbua niandike, mimi niliyejifunza herufi ukubwani, kama vile sina kazi. Haya. Jirani yangu ni fundi cherehani, mjamzito, tumbo limeshagusa meza ya cherehani. Akimaliza mshono anatoka mlangoni, anavuta sigara yake harakaharaka kama mwizi, halafu anaketi kumenya chungwa. Analimenya kwa kucha, vidole vimeiva kwa moshi, na hatemi hata mbegu. Nesi alimwambia vitamini za matunda na mboga huenda zikayakinga kidogo mapafu ya mtoto na sumu ya sigara, lakini dawa yenyewe ni kuacha. Yeye akashika neno la matunda, lile la kuacha akaliacha hukohuko kliniki. "Bibi, nimeshamsafisha mtoto," ananiambia, akilamba maji ya chungwa mkononi.

"Umemsafisha? Huyo ni sufuria?"

Anacheka, kicheko kinageuka kikohozi, analishika tumbo kwa mikono miwili.

Jana machungwa yaliisha. Alikuwa ameshavuta, akapapasa kapu, akalikuta tupu. Akachota maji, akasukutua, akatema, akasukutua tena, machozi yanamtiririka. "Bibi, nimejaribu kuacha. Peke yangu siwezi." Mimi nimechoka, magoti yananiuma, lakini nikavuta kigoda nikakaa naye mpaka hamu ya sigara nyingine ikapita. Itarudi tu. Wewe unayesoma, acha kusikitika. Kesho asubuhi njoo ukae wewe kwenye kile kigoda.