Mawimbi Yaliyobadilika Kila Tulipoyakokotoa

Siku yangu ya kwanza katika kituo cha utafiti wa ziwa, hapa Kigoma, Mkuu wa Kitengo alinionyesha kompyuta kubwa akasema, "Mama, hii ndiyo inayowaambia wavuvi wa Katonga mawimbi ya leo. Ikikosea, watu watakufa maji." Nilikuwa nimetoka kufundisha hisabati Kasulu, ambako kosa la namba huishia kwenye daftari.

Ziwa tuliligawa vipande vidogo kwenye ramani. Vichakataji, yaani zile akili ndani ya mashine, viligawana vipande hivyo na kukokotoa kwa pamoja, ili utabiri ufike mwaloni, pale wavuvi wanapoegesha, kabla mitumbwi haijaondoka. Asubuhi moja niliendesha programu mara mbili kwa data ileile, ikanipa majibu mawili: ziwa tulivu, na ziwa lenye mawimbi makubwa. Nikapeleka lile la ziwa tulivu, maana ndilo lililonipendeza.

Kesho yake Mzee mwenyekiti wa wavuvi alikuja.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba. Jana ziwa lilitulia kwenye karatasi yako tu. Tumerudi wote, lakini nyavu tumeliachia ziwa."

Nilimweleza ukweli wote. Akasema, "Usipojua, mwanangu, tuambie hujui."

Nilikwenda Katonga kuwaomba radhi wengine. Kina mama walikuwa wakianika dagaa: wabichi wavu huu, wakavu wavu mwingine, na anayechanganya huchekwa na mwalo mzima. Hapo nikaliona kosa letu. Nasi tulichanganya mpya na zamani: mara nyingine kichakataji kimoja kiliandika namba mpya juu ya ile ya zamani kabla jirani yake hajaisoma, mara nyingine baada. Nikaandika programu upya kwa lugha ya fanksheni, yaani vipande vya programu ambavyo kila kimoja hupokea namba, hurudisha namba mpya, na ile ya zamani haiguswi.

"Lugha ya watu wa vyuo hiyo," Mkuu alilalamika. "Itatuchelewesha."

"Afadhali kuchelewa kidogo, Mkuu."

Tuliiendesha mchana kutwa, jibu likawa lilelile mpaka Mkuu akachoka kubishana.

Sasa nimestaafu, na vijana wa kituo huniuliza ni siku gani ninayojivunia. Ni alasiri moja ambayo maji yalikuwa yametulia tuli, karatasi yangu ikasema upepo unakuja. Mzee alitazama ziwa, akaitazama karatasi, akawaambia wavuvi, "Vuteni mitumbwi nchi kavu." Wakaguna, wakavuta. Upepo ulifika jua halijazama, nami nikaketi palepale mchangani nikalia bila aibu.