Upande Uliobaki

Baba alijifunza kusuka kwa kusimama nje ya saluni za kituo cha Kawangware 56, akijifanya anamngoja mtu. Kisha akarudi kwetu Kabiro, akafunga mlango, akanikalisha chini katikati ya magoti yake, akaanza. Mistari ya kwanza ilienda upogo ajabu. Nilienda shule nayo hivyo hivyo, na ole wake aliyecheka.

Kiwanda kilikuwa kimemwachisha kazi. Mama ndiye aliyetulisha, akifua na kupika kwa watu huko Lavington. Baba akabaki kutuogesha mimi na mdogo wangu, kupika mboga ya sukuma na kufua. Nguo za Mama alizianika ndani, kwenye kamba iliyopita juu ya kitanda, kwa sababu kijijini kwetu, magharibi, mwanamume akionekana akianika nguo za mkewe hana tena la kusema mbele ya wenzake. Hazikukauka vizuri. Mama alizivaa na harufu yake ya unyevu na hakulalamika hata siku moja.

Mimi nina jina la nyanya, aliyemzaa Baba, kwa hiyo Baba aliniita Mama. "Mama, inamisha kichwa. Mama, usilie, tumebakisha upande mmoja." Sijapendwa hivyo tena, na nasema hivi nikiwa na mume wangu.

Jumamosi moja kaka yake mkubwa alifika kutoka nyumbani bila kutuma neno. Alisukuma mlango akatukuta: kitana mdomoni mwa Baba, kichwa changu magotini pake, nguo za Mama zikining'inia juu yetu.

"Kwani mama yake hayuko?" akauliza.

"Ameenda kazi."

"Na wewe?"

Baba alitoa kitana mdomoni. Baba mkubwa hakupaza sauti, na heri angepaza.

"Bibi yako amekukalia kichwani, ndugu yangu. Twende nyumbani, kuna kazi ya kukata miwa. Ama unataka nimwambie mzee wetu vile nimekupata?"

Nilimng'ang'ania Baba suruali. Alinibandua vidole polepole.

"Nitamalizia nikirudi, Mama."

Upande mmoja ulikuwa umesukwa, wa pili ulikuwa timutimu. Mama aliporudi kazini alitaka kuumalizia, nikapiga mayowe wapangaji wa ploti nzima wakasikia. Baba alikuwa amesema atarudi, sasa mwingine aniguse kwa nini? Nikawa najifunga kitambaa, hadi mwalimu alipochoka akanirudisha nyumbani. Mama alininyoa huku akilia kuliko mimi.

Baba alikuja Krismasi, yeye na kaka yake, na kuku mkononi. Alikaa kwenye kiti akangoja kuletewa maji ya kunawa. Nywele zangu zilikuwa zimeota tena. Nilikuwa nimezichana tangu asubuhi kwa ajili yake. Nilichukua kitana nikaenda nikaketi chini mbele yake, nikaegemea magoti yake kama zamani. Baba mkubwa alikuwa anatutazama.

Baba akavuta magoti pembeni.

"Huyu mtoto anataka kusukwa," akasema, macho yake mlangoni. "Kwani mama yake hayuko?"

Mama alikuwa amepiga magoti hapo hapo kando yangu, akimmiminia maji mikononi.