Mwano wa nyota yenye mkia: asubuhi maksai aitwaye Huria aliponusurika kuliwa Dutwa

Wakuu, heshima kwenu nyote.

Kisa hiki kilinikuta mwenyewe, sikusimuliwa. Ndani yake kuna sehemu moja niliwadanganya watu zaidi ya hamsini kwa mpigo, na nikifika hapo nitasema. Kwingine kote ni kweli tupu.

Ni enzi za ruksa, biashara ndiyo kwanza imefunguliwa. Simiyu haijawa mkoa, Bariadi bado iko Shinyanga. Ushirika umeanza kuyumba, wanunuzi binafsi wa pamba wanapishana barabarani kila mmoja na mizani yake, na mitumba imejaa mnadani Dutwa kiasi kwamba mtu anachunga ng'ombe amevaa koti la suti.

Mimi nilikuwa nimerudi likizo kutoka chuo kikuu. Nilikuwa mbishi hatari. Ukiniambia mvua inakuja, nauliza umejuaje. Baba alifika mahali akaacha kunisalimia asubuhi, maana nilishamuuliza kwa nini tunaitikia "mhola" hata siku ambayo hali si shwari.

Rafiki yangu Limbu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi pale kijijini. Aliishi na mama yake, mjane, ambaye wote tulimwita Mayu, kama mama anavyoitwa kwetu. Mali yao kubwa ilikuwa maksai wawili wa kulimia. Limbu alikuwa amewapa majina: Soko na Huria.

Hao wawili ndio walikuwa plau, mkokoteni na shamba lote la pamba. Mmoja bila mwenzake hana kazi. Naomba hilo mlikumbuke.

Sasa Limbu akanunua darubini mnadani, ile ya macho mawili, kioo kimoja kina ufa. Halafu akasikia redioni kwamba kuna nyota yenye mkia, imefifia sana, inaonekana mashariki kabla hakujapambazuka.

Basi, mwalimu akapata wazimu.

Asubuhi nne mfululizo alinitoa kitandani saa kumi na nusu. Tunapanda kwenye mawe nyuma ya mji wao, tochi imefungwa kipande cha kanga nyekundu ili macho yasiuzoee mwanga, baridi inatutafuna. Asubuhi nne, hakuna kitu. Nilimcheka mpaka nikachoka mwenyewe.

Ya tano, akashika mkono wangu.

"Naiona! Pale juu ya mgunga."

Nikatazama. Nikaona mgunga.

"Usiitazame yenyewe," akasema. "Tazama pembeni yake kidogo, itakuja."

"Limbu, hivyo ndivyo waganga wanavyoongea. Asiyeona ni kosa lake."

Hakunisikia tena. Alitaka Mayu aamke aje aone, na nyumba iko chini kule. Sasa mtu aliyekua akichunga, akitaka sauti yake ifike mbali, anajua njia moja tu. Akaweka kiganja mdomoni, akaiachia.

Wakuu msiotoka kwetu, hiyo sauti inaitwa mwano. Ni yowe la hatari. Ng'ombe wakiibwa, nyumba ikiungua, mtu akiuawa, unapigwa mwano. Anayeusikia anaupokea na kutoka na silaha. Mwanaume akibaki kitandani, anatozwa.

Jirani akaupokea. Wa ng'ambo ya mto akaupokea kwa huyo. Tukawa tunausikia unakwenda zake kuelekea barabarani, mbwa wanaufuata.

"Umefanya nini?" nikamuuliza.

"Nilikuwa namwita Mayu tu."

Sungusungu hao, walinzi wa kijiji. Pinde, marungu, tochi. Mmoja kavaa koti la suti juu, shuka chini. Mbele yao kiongozi wao, ntemi wa sungusungu, mzee Masalu. Mfupi, sauti ya chini, hana haraka na mtu.

"Mwizi kaelekea wapi?"

Limbu akanyoosha kidole juu.

"Ng'ombe wangapi?"

"Hakuna ng'ombe, ntemi. Kuna nyota ina mkia."

"Nyota ya nani?"

"Si ya mtu, ntemi."

"Kwa hiyo haijaibwa."

Watu wakaanza kucheka, lakini si kicheko kizuri. Ilikuwa msimu wa kuvuna, watu wamelala na pamba ndani, na hapo kila mmoja ameiacha nyumba yake bila mlinzi. Adhabu ya mwano wa uongo ilijulikana: dume moja, linachinjwa na kuliwa asubuhi hiyohiyo. Jamaa wawili walikuwa tayari wamesimama kwenye zizi wanampapasa Huria mgongoni.

Mayu alitoka akiwa amejifunga kanga. Hakulia. Akasema tu, "Mkimla Huria, Soko atalima na nani?"

Hapo ndipo mbishi nikaingilia. Ndiyo, mimi ambaye sikuamini hata kidogo.

"Ntemi, mwano wa uongo ni wa kitu ambacho hakipo. Hiki kipo. Chagua watu watatu watazame."

"Wakisema wameona kumbe wanamwonea huruma?"

Nikafurahi. Swali hilo ndilo ninaloishi nalo. Nikampangia experiment kama ya chuo: kila shahidi atazame, kisha amnong'oneze Mayu mkia umeelekea wapi, mwingine asisikie. Majibu yakifanana, nyota ipo. Yasipofanana, mleni Huria.

Masalu akakubali. "Wa kwanza mimi. Wa pili huyu Nkwabi, msaidizi wangu." Akanigeukia. "Wa tatu huyu wa chuo. Huyu anabishia hata salamu, hawezi kutudanganya."

Nikasogea nyuma ya Limbu.

Masalu akashika darubini, akaikodolea anga kama anayemngoja mdaiwa. Limbu akamwambia atazame pembeni. Watu wakaangua kicheko.

"Ng'ombe akipotea napo tutazame pembeni?" mmoja akadakia.

"Nyie si wachungaji?" Mayu akawajibu. "Ndama mweusi akipotea gizani mnamtazamaje? Ukimkodolea anapotea. Ukitupa jicho kando, huyo hapo."

Kila mmoja pale alishamtafuta ndama.

Masalu akatazama tena, akaenda kumnong'oneza Mayu. Nkwabi naye. Ikafika zamu yangu, na mashariki kumeshaanza kuwa na weupe.

Nilitazama katikati. Nilitazama kulia, nikatazama kushoto. Wakuu, niliona ufa wa kioo.

Lakini darasani nilishasikia kwamba mkia wa nyota hizi hulikimbia jua. Jua lilikuwa chini ya upeo wa macho, kwa hiyo mkia lazima uwe juu. Nikamwinamia Mayu, nikanong'ona, "Umeelekea juu. Nimeuona vizuri."

Huo ndio uongo niliowaahidi.

Mayu akajinyoosha. "Wote watatu wamesema juu."

Minong'ono ikapita. Jamaa wa kwenye zizi wakamwachia Huria shingoni. Watu wakaondoka wakibishana kwamba hata bila darubini mbona inaonekana. Mwenye koti la suti aliapa ameona mikia miwili.

Sikulala mchana ule. Kama Masalu na Nkwabi walisema juu bila kujua theory yoyote, basi nyota ipo na mimi ndiye kipofu. Alfajiri iliyofuata nikapanda mawe peke yangu, saa kumi.

Nikamkuta mtu. Mzee Masalu, darubini ya Limbu shingoni.

"Ntemi, umefuata nini?"

"Nimekuja kuiona."

"Si uliiona jana?"

Akacheka kidogo. "Jana nilimwambia Mayu: sijaona kitu, sema wewe utakavyo. Nkwabi ameniambia njiani na yeye alisema hivyohivyo."

Nikakaa chini kwenye jiwe. Nilikuwa nimebuni jaribio zuri kuliko yote maishani mwangu, halafu kura nikampa mwenye ng'ombe azihesabu.

"Na wewe?" akauliza.

"Nilisema juu."

"Ulikuwa umeona?"

"Hapana, ntemi."

Akanipa darubini. "Haya, tumtafute ndama."

Nikatupa jicho kando ya mgunga, nikaacha kulazimisha. Ikaja. Doa dogo lililofubaa, kama pumzi ya ng'ombe asubuhi ya baridi, na kamkia kembamba. Kameelekea juu.

Sijui nini kilinipanda kifuani. Kiganja kikaenda mdomoni chenyewe, nikavuta pumzi.

Masalu akaniziba mdomo kwa mikono yote miwili.

"Nyamaza wewe, bhebe! Leo dume litatoka kwa baba yako."

Wakuu, tangu siku ile bado nabisha, ila nikipanga kupima jambo naanza na swali moja: anayesoma majibu ana ng'ombe wake hatarini? Na kitu nisichokiona, sikitukani mpaka nimekitupia jicho la pembeni.

Sasa nyie wa Dutwa, Shishiyu, Kiloleli na kote ulikofika ule mwano. Kama mzee wako alirudi asubuhi na upinde begani akasema ameiona nyota yenye mkia, muulize taratibu mikia ilikuwa mingapi. Jibu lake liweke hapa chini. Nina hamu ya kumjua yule wa koti la suti.