Nani Anakula Chaji Mchana

Asubuhi niliacha kishikwambi changu kimejaa chaji, juu ya meza ya chumba cha mbele, kalamu yake imenata ubavuni kwa sumaku. Jioni nikirudi kutoka kazini nilikikuta kimeshuka chini ya nusu. Mchana huo hakuna aliyekuwa nyumbani ila wifi yangu.

Mara ya kwanza nilinyamaza. Stima ya Voi ina vituko vyake, nikajiambia labda ilipotea usiku na kifaa hakikujaa nilivyodhani. Mara ya pili nilikishika kupima joto lake, kama mtu anayegusa kiti ili ajue kama kuna aliyetoka kukikalia. Kilikuwa na uvuguvugu. Nikamtazama wifi kupitia mlango wa jikoni. Alikuwa amenipa mgongo, anachambua mchicha, na mgongo ule nikauona ghafla kama pazia lililoshushwa.

Niseme alivyofika kwangu. Kaka yangu yuko kaskazini kwenye kazi ya barabara, na mkewe alikuwa akiishi Njukini, kwao, kati ya mahindi na maharagwe. Mimba yao ya kwanza iliharibikia njiani, gari halijafika hospitali. Kwa hiyo hii ya pili ilipoingia miezi ya mwisho, kaka alinipigia simu.

"Akae kwako mpaka ajifungue," alisema. "Hapo hospitali iko karibu. Usimwache arudi Njukini kabla ya mtoto, hata akilia."

Nikaahidi. Nilikuwa na vyumba viwili vidogo mtaa wa Mwakingali, bati juu, vumbi jekundu likipita chini ya mlango bila hodi. Nikampa kitanda, mimi nikahamia kwenye godoro chumba cha mbele. Tuliishi kwa adabu, kila mmoja akimpisha mwenzake. Tulikuwa hatujuani hasa. Tulichokuwa nacho pamoja ni kaka, naye hayupo.

Ndani ya kishikwambi kulikuwa na riwaya yangu. Naiandika kwa mkono, kwa kalamu ile ile ya kuandikia juu ya kioo, kwa sababu maneno nikiyapiga kwa vidole yananijia yamevaa viatu na tai, na mimi nayataka peku. Hotelini ninakofanya kazi, mapokezi, tunapopokea wageni wa mbugani, bosi hataki kuona juu ya kaunta kioo kingine isipokuwa kompyuta yake. Kwa hiyo riwaya ilibaki nyumbani mchana kutwa, na wifi alibaki nayo.

Na ndani ya riwaya kulikuwa na mke wa kaka. Siyo wifi, nilijiapiza. Yule wa kwenye riwaya ni mrefu, anatoka Kasigau, ana mwanya. Lakini alicheka kama wifi, kicheko cha kuanza na kukatika. Alinyamaza kama wifi. Na nilikuwa nimemfanya mbaya kidogo, kwa sababu hadithi ilihitaji mtu wa kulaumiwa, naye ndiye aliyekuwa karibu.

Sasa fikiria mtu huyo anaketi mchana, peke yake, anajisoma.

Nilibadilisha namba ya siri. Ya kwanza ilikuwa mwaka aliozaliwa kaka, na nani anaujua kuliko mkewe? Chaji ikaendelea kuliwa. Nikaamua kwamba ananiangalia vidole ninapofungua. Nikaanza kufungua nikiwa nimeugeukia ukuta. Chaji ikaliwa. Jumamosi nikawaeleza wenzangu wa kikundi chetu cha waandishi, tunaokutana nyuma ya mkahawa mmoja karibu na soko, na mmoja wao, mshairi asiye na huruma, akacheka mpaka chai ikamwagika.

"Dada, wewe una bahati," alisema. "Sisi tunawaomba watu watusome, wewe unasomwa kwa wizi."

Kisha akanishauri nitege mtego. Niandike humo kitu kidogo cha kumchoma, halafu ningoje.

Nikatega. Usiku ule niliandika kwamba mke wa kaka anatia chumvi kwenye mboga kama mtu anayekausha samaki. Haikuwa kweli hata kidogo. Mkono wa wifi ulikuwa mzuri jikoni. Nikafunga, nikakiweka mezani, kalamu ubavuni.

Kesho yake jioni tulikula ugali na mchicha. Nikatia tonge mdomoni nikasita. Mchicha haukuwa na chumvi. Hata punje.

Nilitafuna chakula kile kisicho na ladha kama mtu anayetafuna ushahidi. Wifi alikuwa ameinama juu ya sahani yake, na miguu yake ameiweka juu ya kigoda.

Kuanzia hapo kila kitu kilikuwa ushahidi. Akisugua macho, nilijua ni macho yaliyoshinda kwenye kioo. Akisema kichwa kinamuuma, nilisema kimoyomoyo: si usome basi kwa kiasi? Akiinua miguu kigodani, nilimwona amekaa hivyo hivyo tangu asubuhi, riwaya yangu juu ya tumbo lake, anageuza kurasa. Na chumvi haikurudi. Nililalamika kwa ndani, na wakati huo huo, lazima niseme, niliandika vizuri kuliko wakati wowote. Kila sentensi niliiandika nikijua kuna jicho. Nilimpa mke wa kaka makosa zaidi, nikiyanoa moja moja.

Jumapili tulipotoka kanisani sikuweza kuvumilia tena.

"Wifi," nilisema, "ukitaka kusoma, si uniambie tu?"

"Kusoma nini?"

"Unajua."

Akavua kilemba polepole. "Mimi nijue? Hebu sema."

"Chaji ya kishikwambi changu. Naiacha imejaa, narudi imeisha. Inakwenda wapi?"

"Kawaulize watu wa stima. Mimi ndio transfoma?"

"Na chumvi?"

"Chumvi?" Hapo alibadilika uso. Nikaona jicho likikimbia, nikajua nimemkamata.

"Mbona uliacha kutia chumvi, siku moja tu baada ya mimi kuandika?"

Aliingia chumbani akafunga mlango, si kwa kishindo, na baadaye nikasikia zipu ya begi. Alipotoka kunywa maji aliniambia, akiangalia glasi, "Kwetu sijawahi kuitwa mwizi. Kesho narudi Njukini."

Ningempigia kaka. Ningepiga magoti mlangoni. Badala yake nikafikiri kwamba mtu asiye na hatia hakimbii, na asubuhi nikakitia kishikwambi kwenye mkoba, pamoja na kalamu yake, ili asipate nafasi ya mwisho. Hotelini nilikifungia kwenye droo ya kaunta. Ufunguo nikautia mfukoni mwa sketi.

Saa ya chakula cha mchana nilikitoa kwa siri, nirekebishe neno moja. Chaji ilikuwa imeshuka karibu na nusu.

Nikaitazama droo. Nikautazama ufunguo. Hakukuwa na wifi ndani ya droo.

Ndipo nilipofungua ukurasa wa betri, ambao wiki zote hizo sikuwahi kuufungua kwa kuwa nilikuwa na mtu wa kumtuhumu. Chini ya picha ya kishikwambi kulikuwa na picha ndogo ya kalamu, na alama ya umeme pembeni yake. Inachaji. Niliinunua mtumba, betri yake imechoka, haishiki tena. Iliponata ubavuni ilinyonya, ikapoteza ilichonyonya, ikanyonya tena, tangu natoka asubuhi mpaka narudi. Nikaibandua, nikaiweka upande wa pili wa droo. Alasiri nilipofungua, chaji ilikuwa pale pale nilipoiacha. Haikuwa imesogea.

Simu ikatikisika. Wifi: *Ufunguo uko kwa jirani. Asante kwa yote.*

Sikumuaga bosi. Nilivuka barabara kwenda steji ya magari ya Taveta, yanayopeleka watu wa Njukini, nikiwa na beji ya hoteli kifuani. Nilimkuta ameketi kwenye benchi la duka la soda, begi kati ya miguu. Ndipo nikaitazama ile miguu. Ilikuwa imevimba, kanda za ndala zimezama ndani ya nyama.

"Wifi."

"Gari bado linajaza."

"Ni kalamu."

"Nini?"

"Iliyokuwa ikila chaji. Ni kalamu."

Akanitazama beji, akanitazama uso. "Kwa hiyo umekimbia jua lote hili kuniambia kalamu imekiri?"

"Nimekuja kukuomba msamaha. Na urudi."

"Na chumvi nayo umeshaipatia kesi yake?"

Akahema, akapangusa shingo kwa ncha ya leso.

"Chumvi nilikatazwa kliniki. Presha imepanda. Walisema nisiile, nipumzike, nirudi leo wapime tena."

"Leo?"

"Leo."

"Na wewe uko hapa steji. Kwa nini hukuniambia, wifi?"

"Ungeniandika."

Alilisema bila hasira, kama mtu anayekuambia ni saa ngapi. Utingo akapita akipiga ubavu wa gari, "Taveta! Mama, kiti cha mbele kinakungoja wewe!" Wifi hakumwangalia.

"Sijasoma hata herufi moja," akaendelea. "Lakini nilijua nimo humo. Nikisema kitu unanyamaza kwanza, unakitafuna, halafu unaingia na kalamu yako. Unafikiri sioni? Ningesema kichwa kinauma, kesho kuna mwanamke humo kinamuuma. Ningesema naogopa huyu wa tumboni naye asije akaniacha njiani kama yule wa kwanza, ungeanza kunitafutia neno zuri la kuogopa."

Niliinama nikashika mikanda ya begi lake. Hakuliachia.

"Tableti isirudi kwako mpaka nijifungue," akasema.

"Haitarudi."

"Na kalamu yake."

"Na kalamu."

Akaliachia begi. Akamwambia utingo, "Mpe mwingine hicho kiti, baba."

Tulikwenda kliniki moja kwa moja. Muuguzi alimpima, akatazama mashine, akampima mkono wa pili, kisha akauliza nani anaishi na huyu mama. Nikasema ni mimi. Akaniuliza kama miguu hii sikuiona, na macho kuuma, na kichwa. Nikasema niliviona vyote. Walimlaza siku hiyo hiyo. Nilipompigia kaka, nilimwambia yuko mahali pa usalama, na kwa mara ya kwanza tangu aniachie mke wake nilikuwa nasema kitu nilichokuwa na hakika nacho.

Mtoto alifika kabla ya wakati wake, msichana, mdogo kama mkate, na mwenye sauti ya kuamsha wodi nzima. Siku waliyoniruhusu kumwona alikuwa amefungwa kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, kichwa tu kikionekana. Nilisimama pembeni ya kitanda. Nilitazama kile kichwa, na nywele zake zilizolala kama nyasi baada ya mvua, nikatazama kwa muda mrefu.

Wifi akafumbua jicho moja.

"Unaandika?"

"Siandiki. Hata kalamu sina."

"Kichwani je?"

Nilitaka kukataa. Alikuwa ananikazia lile jicho moja, na mtoto akipanda na kushuka na pumzi yake.

"Kidogo," nikasema.

Akalifumba. "Basi mwandike huyu. Mimi niache nilale."