Nilivyoingia kwa Wakwe kwa Upande wa Jikoni

Niseme ukweli tangu mwanzo, hakuna mtu alinilazimisha. Siku ile nilipotokea kwa wakwe zangu kwa upande wa jikoni, tope limenifika kifuani, makosa yalikuwa yangu mwenyewe, na mpaka leo nikianza kuisimulia mke wangu hutoka nje kwenda kuanua nguo hata kama hazijakauka.

Ilikuwa ile miaka ya elfu mbili hapo mwanzoni, nafanya kazi Kitale na mradi mmoja wa maji. Kazi yangu ilikuwa kuzunguka vijijini na GPS, kile kifaa cha kushika mkononi, cha njano, kinene kama redio ndogo, nikifika kwenye chemchemi nabonyeza kinaandika mahali nimesimama, halafu siku nyingine nikitaka kurudi kinanionyesha mshale na kuniambia zimebaki mita ngapi. Bana, nilikipenda. Nilikivaa shingoni hata kanisani (ati nikiulizwa ni nini nipate nafasi ya kueleza), na watu walikuwa wameanza kunikwepa.

Mchumba wangu Nafula alikuwa anafundisha chekechea hapo Kitale, lakini kwao ni Sirisia, ndani huko, mbali na soko. Mimi sikuwa nimewahi kufika, kwa sababu huendi kwa watu hivi hivi kabla wazee hawajakupeleka. Kwa hivyo Pasaka alipoenda nyumbani nilimpa kifaa, nikamfundisha pa kubonyeza, nikamwambia aniwekee alama ya kwao. Aliporudi alinieleza kwamba mbele ya nyumba mikaratusi imefunika mbingu, setilaiti zikakataa kushika, ikabidi azunguke nyuma kidogo penye uwazi. Nikasema nyuma kidogo si neno. Hiyo "nyuma kidogo" ningeuliza ni nyuma wapi, leo nisingekuwa na hadithi.

Siku ya kwenda kujitambulisha tulikuwa wanne. Barasa jirani yetu alikuwa anaendesha pikapu yake. Senge Rosa, dada ya baba, alikuwa amekaa mbele na kikapu mapajani. Mimi nilikuwa nyuma na baba mdogo Simiyu. Baba yangu alishafariki, kwa hivyo baba mdogo ndiye alikuwa anasimama mahali pake, na jambo hilo alikuwa amelibeba kwa uzito sana. Ni mtu wa maneno machache, tena nyonga yake moja ilikuwa mbovu tangu aangushwe na ng'ombe wa jembe, anatembea akiinamia upande. Lakini wiki nzima nilikuwa namsikia asubuhi akikamua, anawasomea ng'ombe hotuba yake. Alikuwa amevaa koti jeusi la kuazima. Njiani aliniambia, kwa sauti ya chini, "Nataka niseme vile ndugu yangu angesema."

Tulifika soko la Sirisia mapema tu. Barasa akasimamisha gari karibu na mama mmoja wa ndizi, akasema tumuulize njia. Ningekubali tungefika kwa dakika kumi. Lakini mimi, kijana wa setilaiti, nikaona ni aibu niulize njia nikiwa na mshale shingoni, nikasema hakuna haja, ni kilomita moja na nusu, tukate kushoto. Senge Rosa aligeuka akamwangalia baba mdogo. Baba mdogo akasema mtoto anajua kazi yake.

Sasa, mshale wa kile kifaa hauijui barabara. Unajua tu kule unakoenda, kama kunguru anavyoruka. Barabara ilipinda kulia, mshale ukabaki kushoto, nikamwambia Barasa ashike kanjia fulani, kanjia kakawa kembamba, mwishowe kakaishia kwenye shamba la miwa. Zilikuwa zimebaki mita mia nne. Mtu mwenye akili angerudi. Mimi nikasema tushuke tutembee, Barasa abaki na gari, na wazee wangu wakashuka, wakanifuata katikati ya miwa na nguo zao za kanisani.

Baada ya miwa kulikuwa na kijito, na daraja lake ni gogo moja. Nilitangulia nikiwa naangalia kifaa badala ya kuangalia gogo (mita mia moja na ishirini, nakumbuka mpaka leo), nikateleza, nikaingia kwenye tope mzima mzima, mkono mmoja juu kulinda GPS. Senge Rosa alivua viatu akavuka vizuri kabisa. Baba mdogo na nyonga yake hakuweza gogo, akaingia majini polepole, suruali imekunjwa, koti la watu amelishika juu kwa mikono miwili. Afadhali angenigombeza.

Tukapanda kilima, tukaingia kwenye migomba, mita arobaini, mita ishirini, nasikia watu, nanusa kuku, nikageuka nikawaambia wazee si mnaona, tumefika. Nikasukuma majani ya mgomba nikatokea nyuma ya nyumba, penye jiko.

Kama hujui desturi yetu Wabukusu, mwanamume na mama mkwe hawakaribiani. Hamshikani mikono, hamwangaliani usoni, akija kwa njia hii wewe unatafuta ile nyingine. Na mimi nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwa mama mnene, leso kiunoni, ameinamia sufuria, uso ni wa Nafula kabisa, umeongezwa miaka tu.

Aliangalia tope, akaangalia kile kidude cha njano shingoni mwangu, akajua ni mimi. Akachukua ungo akajifunika uso, na mchele uliokuwa ndani ukamwagika wote. Wanawake wengine wakapiga nduru wakidhani ni mwizi wa kuku, na kutoka mbele ya nyumba, ambako wazee wao walikuwa wamekaa saa nzima wakiangalia geti, wakaja wanaume mbio na fimbo. Nyuma yao nikamwona Nafula. Alitazama mara moja, akafunika mdomo, machozi yakamtoka, na nikawaza basi, imekwisha, hakuna mtu atanipa msichana hapa.

Baba mdogo akanipita. Maji yanachuruzika kwenye suruali, anaegemea upande, akaenda moja kwa moja mbele ya baba mkwe, akavua kofia.

"Mzee, tusamehe," akasema. "Ni mimi nilisema tukatize. Kijana alinikataza."

Nilifungua mdomo. Senge Rosa akanifinya mgongoni, nikaufunga.

Baba mkwe akacheka polepole, akamshika mkono, akasema mgeni ni mgeni hata akitoka kwa migomba. Wakatupeleka mbele. Muda si mrefu Nafula akaniletea karai la maji ya moto na shati ya baba yake, akaniambia mama amesema nioge kabla sijashikwa na homa. Hotuba baba mdogo aliitoa miguu mitupu, na aliitoa vizuri, na alipotaja jina la baba nililia ndani ya shati ya watu.

Kwa miaka mingi huko Sirisia walimtania yeye, wanamwita Mzee wa Migomba, na yeye anacheka tu. Nilikuwa najiahidi kusema ukweli, naahirisha. Akafariki. Siku ya mazishi nikasimama mbele ya watu nikaeleza yote, miwa, gogo, na vile alinibebea aibu yangu.

Baba mkwe alinijia baadaye, akakaa karibu nami.

"Tulijua," akasema. "Yeye alikuwa na maji magotini. Wewe ndiwe ulikuwa na tope kifuani, na ile kitu shingoni. Mama Nafula aliniambia siku hiyo hiyo, tumwache mzee aseme hivyo, mtu wa namna hiyo hawezi kulea kijana mbaya."

Siku hizi nikienda kwa watu nasimama sokoni, nauliza njia, hata nikiwa naijua. Na nikikosea nasema ni mimi, hapo hapo, kabla mtu anayenipenda hajanitangulia.